Kichwa Kisichotajika

Benchi letu la Mwabungo limekaa baina ya cherehani yangu na jiko la kahawa la Menza, limeegemea ukuta wa duka la simenti kando ya barabara ya kwenda Msambweni. Zamani lilikuwa benchi la hoteli. Hoteli ilipofungwa, vitu vikatawanyika, na hili likaja kwetu kwa sababu lina mguu mmoja mfupi na hapakuwa na tajiri aliyelitaka. Tumelitia jiwe, limetulia. Hukaa watu watatu wakiwa na adabu na sita wakiwa na habari. Kahawa ni chungu, ya tangawizi, na mwenye kuimimina ni Menza, tunayemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kushtakiwa kwa mbuzi wa watu akajitetea mwenyewe. Alishindwa, lakini jina likabaki. Mimi hukaa nyuma ya cherehani, mguu waenda na masikio yaenda, na niwaambie ukweli: sijapata kusikia swali likaulizwa pale likakosa majibu. Majibu huwa mengi hata swali lenyewe likaona haya.

Siku hiyo baada ya alasiri akaja Katana. Katana ni fundi wa mapaa ya makuti, hoteli nyingi za Diani zimefunikwa kwa mikono yake, na sisi twamwita Paa. Kwa kawaida husikika kabla hajaonekana, maana kicheko chake hutangulia. Siku hiyo alikuja kimya, akatuamkia, akaketi katikati ya benchi. Menza akammiminia. Kahawa ikapoa mkononi mwake, na Katana hajawahi kuiacha kahawa ikapoa.

Sote tulijua alikotoka. Tangu mvua zilipoanza alikuwa akiumwa na kichwa, maumivu ya kumfanya ashuke ngazi katikati ya kazi. Akapelekwa Mombasa akapigwa ile picha ya kichwa ambayo mtu huingizwa kwenye tundu la mashine kama mkate kwenye tanuri, na asubuhi hiyo alikuwa ameitwa hospitali kupewa majibu. Kijiwe kizima kilikuwa kikimngojea, ingawa hakuna aliyekiri kuwa anamngojea.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Chome. Chome ni mlinzi wa usiku katika shule ya msingi, na amelinda elimu ya watu muda mrefu hata anaamini na yeye imemwingia. Twamwita Mwalimu, na huitika.

— Haya, Paa. Daktari amesemaje?

— Amesema neno.

— Neno gani?

— La Kizungu. Amesema kichwa changu ni "unremarkable".

Alilitamka polepole, kama mtu aliyepewa yai la kushika. Akatuambia amelirudia njia nzima asije akalisahau.

— Na maana yake?

— Sikuuliza.

— Kwa nini hukuuliza?

Katana akatueleza. Nje watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Daktari ni kijana, simu ameibana begani, aliitazama picha kwenye kompyuta, akasema lile neno, akatabasamu, kisha akamuuliza kama wameelewana. Sasa mtu mzima akiulizwa hivyo mbele ya nesi, ajibu nini? Alijibu kwamba wameelewana kabisa. Akashukuru, akatoka. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningejibu hivyo hivyo, na dua ningemwombea juu yake.

— Ndiyo nimekuja hapa kwanza, akasema. Siwezi kwenda nyumbani hivi. Eunice amekaa ananingoja, na nikifika mlangoni tu ataniuliza. Nitamwambia nini mwanamke wa watu? Nifungulieni neno hili nyinyi, kisha niende.

Eunice ni mkewe, ana kibanda cha mboga karibu na kanisa, mama wa maneno machache na macho makali. Tulielewa kwa nini Katana anaogopa kufika kwake na neno lililofungwa. Basi tukageuka wote tukamtazama Owen.

Owen ndiye Mzungu wetu. Ni mtu wa bara, mhudumu kwenye hoteli moja ya ufuoni, na kwa kuwa hula kila kitu akipewa tumemwita Bufee. Alikuwa na mapumziko ya mchana, shati jeupe, viatu vimepigwa vumbi. Akaweka kikombe chini kwa heshima ya kazi iliyo mbele yake.

— Hiyo naijua, akasema. Wageni wanaisema kila siku. Mgeni akikula pweza wa nazi akaskia poa, anasema "remarkable". Anaita mpaka mpishi atoke jikoni wapige picha na yeye.

— Kumbe ni sifa, akasema Katana, na uso ukaanza kumfunguka.

— Ni sifa sana. Lakini hiyo ni "remarkable". Sasa ukiweka "un" hapo mbele...

Akajikuna shingo.

— Maliza, Bufee.

— Mzee, kuna mgeni alisema chumba chake kilikuwa unremarkable. Meneja aliita mkutano. Godoro likatolewa, pazia zikatolewa, hicho chumba kikafungwa mpaka wa leo.

— Kimefungwa kabisa?

— Tunawekanga mafagio.

Katana akainua mikono akajishika kichwa pande zote mbili, taratibu, kama anayehakikisha kwamba bado hakijatiwa mafagio.

Menza akaona afadhali amtulize. Akamwambia asihofu, maana ukiona vyaelea vimeundwa. Tulingoja aeleze methali hiyo inahusikaje na kichwa cha mtu, hakueleza. Menza ana methali nyingi sana, tatizo ni kwamba kila moja hulala nyumba isiyo yake.

Chome hakupendezwa na mambo ya magodoro. Alisema hoteli haina ilimu, ina chakula tu, na neno hili ni la shule. Yeye amelikuta shuleni na anaweza kulieleza hata usingizini.

— Mwaka ukiisha, mtoto hupewa ripoti, akasema. Juu kuna hesabu, kuna Kiingereza, kuna sayansi. Chini kabisa pana pahali pa "Remarks". Hapo ndipo mwalimu aandikapo maoni yake. Mtoto akiwa hodari, mwalimu huandika. Akiwa mzembe, huandika, tena huandika zaidi. Kuna mtoto mmoja tu ambaye mwalimu huacha pale pahali peupe.

— Yupi huyo?

— Yule aliyekwisha kukatiwa tamaa.

Akatoa mfano wa Fondo, kijana wa hapa hapa, ambaye hakuandikiwa kitu na mwalimu yeyote, na haikupita muda akaacha shule. Nikauliza kutoka kwenye cherehani kama ni Fondo huyu mwenye malori ya kokoto. Chome akasema ndiye, lakini malori hayamo kwenye mtaala.

— Kwa hivyo daktari amenikatia tamaa, akasema Katana.

— Sikusema mimi. Nimeeleza remarks tu.

— Lakini alitabasamu, Mwalimu. Nimemwona kwa macho yangu.

Menza akasema madaktari wa siku hizi hufunzwa kutabasamu, ni somo, wana mtihani wake. Chome akataka kujua amepewa dawa gani. Katana akatoa mfukoni vidonge vya maumivu, vya kawaida, vile vinavyouzwa dukani karibu na sukari. Chome akavigeuza, akavirudisha, akatikisa kichwa. Akasema mtu mwenye matumaini hupewa sindano, hupewa chupa za rangi rangi, huambiwa hiki kabla ya kula na hiki baada ya kula. Asiye na matumaini hupewa vya maumivu tu, asiteseke. Na kwa sauti aliyoisema ungedhani amesomea.

Mimi nilikasirika. Nilimwona Katana anasinyaa pale benchini na watu wamekalia mafagio na malori. Nikamwambia Owen simu ile kubwa si ya kupigia chakula picha peke yake, atafute neno. Owen akasema bando limemwishia. Hapo Chome akatoa simu yake akamgawia bando, na Chome ni mtu ambaye hajawahi kumgawia mtu hata kivuli. Nikajua na yeye ameshikwa na hofu.

Owen akaandika, akafuta, akaandika tena. Tukamtazama midomo yake ikisoma. Kisha midomo ikaacha.

— Inasemaje?

— Network iko slow.

— Owen, inasemaje?

Owen akamtazama Katana, akatazama simu.

— Inasema ni kitu kisichofaa kutajwa. Isiyostahili kutajwa. Iko hapa, wazee, si mimi nimesema.

 Lori likapita, vumbi likaingia kwenye vikombe, hakuna aliyefunika chake.

Mgeni asiyetujua angeshangaa tumeogopa nini. Kwetu ugonjwa mdogo una jina: ni homa, ni mafua, ni tumbo la kuhara, na mwenyewe hulitaja njiani bila kuulizwa. Ugonjwa mkubwa hauna. Mtu akiwa nao twasema ana yale mambo, hali yake si nzuri, ule mbaya umemshika. Mjomba wangu alilala kitandani mpaka akazikwa na hakuna aliyetamka alichokuwa nacho, hata shangazi aliyekuwa akimwosha. Ukiutaja umeubishia hodi. Kwa hivyo simu iliposema kwamba kichwa cha Katana hakifai kutajwa, hapakuwa na haja ya kamusi nyingine. Tuliona kwamba yule daktari, pamoja na ujana wake wote, ni mtoto aliyelelewa vizuri. Alijua kisichotajwa, akakataa kukitaja.

Nikauondoa mguu kwenye cherehani.

Menza ndiye aliyesema kwanza, na ingekuwa heri asingesema.

— Mimi nitasema la kisheria, akasema. Kesi ikiwa kortini hutajwa. Waambiwa nenda, urudi tarehe fulani, kesi yako itatajwa. Ukirudi, yatajwa, waenda zako nyumbani. Ile yangu ya mbuzi ilitajwa na kutajwa mpaka mbuzi mwenyewe akazaa. Na siku zote hizo nilikuwa huru, nala, nalala kwangu. Kesi ikiwa bado yatajwa, mtu hana neno. Hatari ni pale inapofika siku haitajwi tena.

— Isipotajwa inakuwaje?

— Huwa imebaki hukumu.

Akamalizia kwamba haraka haraka haina baraka, na kwa mara ya kwanza methali yake ikamchoma yeye mwenyewe, maana niliona akigeuka upesi kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Katana akatazama barabara. Kisha akakitua kikombe.

— Basi jamani, akasema, mniwie radhi.

Tukamwambia asiseme hivyo, na yeye akaendelea. Akamwomba radhi Menza kwa kuwa kila siku huikalia ile kona ya benchi yenye kivuli, na anajua Menza huipenda. Menza akamjibu bila kugeuka, kwamba aikalie tu, aikalie hata kesho. Akamwomba radhi Owen kwa kumwita mtu wa kuja, siku ile waliyogombana juu ya mpira. Owen akalia waziwazi, bila kujificha, akijifuta kwa kitambaa cha hoteli kilichokunjwa kama ua. Akamwomba radhi Chome kwa kusema mbele za watu kwamba ni askari tu wala si mwalimu.

— Lakini ni kweli, akasema Chome.

— Hata kama ni kweli.

Kisha akanigeukia mimi. Alikuwa ameniletea kitambaa cha suruali, na nilikuwa nimekizungusha wiki baada ya wiki kama tufanyavyo mafundi.

— Ile suruali, fundi. Nakuomba uishone mapema. Na uifanye ya heshima.

Nikamwambia itakuwa tayari. Nilichukua sindano ili nipate pa kutazama, na tundu lake sikuliona.

Tulimpenda Katana, ndivyo ilivyokuwa. Hatujawahi kumwambia, maana pale kwetu mtu huambiwa anapendwa kwa kutaniwa, na huyu tulikuwa tumemtania sana. Nilimwona yuko pale, mzima, mikono yake imejaa vikovu vya vijiti vya makuti, na tayari nafasi yake benchini ilikuwa kama imeanza kuachwa wazi. Nilitaka kumshika bega. Badala yake nilimwambia kahawa yake imepoa.

— Na Eunice? akauliza. Mimi siwezi kumwambia. Nikimtazama tu nitashindwa.

Hapo pakawa na kazi. Chome alisema jambo kama hili hupelekwa na mtu wa ukoo, si jirani. Owen akasema linafaa mchungaji. Menza akasema mchungaji yuko mbali na mimi ndiye ninayekaa karibu nao. Nami nikasema fundi wa nguo haendi nyumbani kwa mama wa watu kupeleka habari za namna hiyo, aende mwenye umri, na mwenye umri ni Chome. Tulirushiana habari ile kama chungu kilichotoka motoni, na mwenyewe amekaa katikati yetu akisikia.

Tulikuwa bado tunarushiana hivyo, mara Eunice akatokea.

Alikuja kwa miguu kando ya barabara, leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, kikapu mkononi. Wanawake huwa hawasimami kwenye kijiwe chetu. Hupita, husalimu, huenda zao. Eunice alisimama. Alitusalimia, Owen akampa shikamoo, akaitikia marahaba, na macho yake wakati huo wote yalikuwa kwa mumewe.

— Baba Jacinter, chakula kimepoa. Daktari amesemaje?

Chome akaanza kukagua tochi yake, mchana kweupe. Menza akahesabu vikombe.

— Amesema neno, akajibu Katana.

— Neno gani?

— La Kizungu.

— Na hawa wamekwambia lina maana gani?

 Eunice akamtazama Owen, akaona macho mekundu. Akamtazama Menza.

— Mama Jacinter, akasema Menza, kaa kwanza kitako.

— Nimekaa tangu asubuhi. Baba Jacinter, nipe simu.

Katana akampa. Eunice akamuuliza namba iliyompigia jana kumwita hospitali ni ipi kati ya hizi, Katana akaionyesha kwa kidole. Menza akadokeza kwamba daktari hapigiwi hivi hivi, kuna utaratibu wake. Eunice akamtazama tu, na Wakili akafunga kesi. Eunice akaiweka simu isikike kwa sauti, akaishika mbele yake kama mtu ashikaye taa. Ikalia. Ikalia tena. Nilitamani isipokewe.

Ikapokewa. Alikuwa nesi. Eunice akamwambia anamtaka daktari, ni jambo dogo, hatamchelewesha. Tukasikia viti, tukasikia mtoto akilia, kisha sauti ya kijana.

— Hello, ni nani?

— Habari za kazi, daktari. Mimi ni mke wa Katana, aliyekuja kwako leo kwa kichwa. Umemwambia nini?

— Mzee Katana? Wa makuti? Si nilimwambia. Picha yake iko unremarkable.

— Hilo amenifikishia. Sasa niambie na mimi, kwa Kiswahili.

Kijana akacheka kidogo. Kisha nadhani alitusikia tulivyonyamaza, maana aliacha kucheka.

— Mama, kichwa yake ni mzima. Sisi tukiangalia picha tunatafuta kitu ya kutaja. Tukiona kitu, tunaitaja. Tukiangalia yote tukose ya kutaja, ndio tunasema hilo neno. Kwa mtu mwingine linaweza kuwa baya, ukiambia mpishi chakula yake iko hivyo atanuna. Lakini kwa picha ya hospitali hakuna neno nzuri kuliko hilo.

Eunice hakuridhika na hapo.

— Hana uvimbe?

— Hana.

— Saratani?

— Hakuna, mama.

— Damu haikuvuja ndani?

— Hapana. Hakuna kabisa.

Aliyataja yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida, pale barabarani, mbele ya duka la simenti. Chome alijikunja kila lilipotajwa. Na hakuna hata moja lililokuja.

— Sasa maumivu yanatoka wapi?

— Ni shingo tu. Anakaa siku nzima ameinua uso akifunga makuti, hiyo misuli imekaza. Apumzike kidogo, akunywe hizo dawa, na mtu amkande na maji moto. Na kahawa apunguze.

— Daktari, akasema Katana, akasogea karibu na simu. Rudia hapo pa mzima.

— Kichwa iko mzima, mzee. Pole, nilidhani tumeelewana.

— Tumeelewana sasa.

Simu ikakatika. Katana akabaki ameinama vile vile, mkono mmoja magotini, na mabega yakaanza kumtikisika. Tulidhani analia, na alikuwa akilia, lakini katikati ya kilio kikatoka kile kicheko chake chenyewe, kile kinachotangulia mtu, mpaka mwenye duka akatoka nje kutazama kuna nini. Owen akamkumbatia Menza jiko likakaribia kupinduka. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nilihisi mgongo wangu umelegea kama nilikuwa nimebeba gunia la simenti na sasa limetuliwa. Hewa yenyewe niliiona imekuwa nyingi.

Haikupita muda kila mtu akawa amejua tangu mwanzo. Chome akasema ndivyo alivyoeleza, mwalimu asipokuwa na la kuandika ni kwamba mtoto hana kosa, na mumtazame Fondo. Menza akasema hata sheria yasema hivyo hivyo, mtu akiachiliwa huru kesi yake haitajwi tena. Juu ya kahawa akapinga vikali, akasema hiyo haikuwemo kwenye picha, daktari ameiongeza kutoka nyumbani kwake. Kisha akamwomba Katana, kwa upole, amrudishie ile kona yenye kivuli, kwa kuwa alikuwa amemwachia mgonjwa.

Owen peke yake alikuwa akiwaza.

— Wazee, akasema, labda kile chumba kilikuwa tu chumba. Kitanda, dirisha, maji yanatoka. Mgeni hakuona shida.

— Basi godoro la watu lilitolewa bure, nikasema.

— Na room boy alihamishwa.

Tukamsikitikia room boy, tukacheka tena. Tulikuwa tayari kucheka kwa lolote. Menza akammiminia Katana kahawa mpya, ya moto, akamwambia hii ni ya kuagana na kahawa. Katana akainua kikombe, akamtazama mkewe, akakirudisha.

Eunice alikuwa hajacheka. Alisimama pale pale, simu ameifumbata mkononi. Akatutazama mmoja mmoja: macho ya Owen, tochi ya Chome, kile kitambaa cha suruali ambacho nilikuwa nimekwisha kukitandaza mezani nikakitia chaki.

— Mlikuwa mmekwisha kumzika, akasema.

Nikakikunja kile kitambaa.

— Sikulaumuni. Nataka kuuliza tu. Lau ingekuwa kweli, ni nani kati yenu angekuja kuniambia?

Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililotuumiza.  Owen akatazama viatu vyake. Menza, na methali zake zote, hakupata hata moja ya kuweka pahali pabaya. Mimi nilikuwa na maneno tayari, kwamba tungeshauriana, kwamba tungemtuma mtu, nikayasikia yanavyosikika kabla hayajatoka, nikayaacha.

— Ningekwambia mimi mwenyewe, akasema Katana.

— Lini?

Katana alimtazama. Alitaka kusema jioni, nilimwona anataka, kisha akaona kwamba jioni isingefika, wala kesho yake, na kwamba angeishi naye nyumba moja amelifunga neno lile kifuani mpaka mwisho, na yeye Eunice angekuwa akimpakulia chakula na kumuuliza kichwa kinaendeleaje. Uso wake ukaiva kwa aibu. 

Akainuka, akamtwalia kikapu. Eunice akamshika mkono, si kwa kumwongoza, ni kumshika tu, na wakaondoka hivyo kando ya barabara, wameshikana mbele ya watu, watu wa umri ule. Siku nyingine yoyote Katana angetaniwa mpaka Ramadhani. Tuliwatazama wakienda, na hakuna aliyetania.